Kipande cha Saba, Polepole

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wanaonijua hawatabisha. Ofisini wenzangu wananiita pilipili, wakidhani sisikii. Lakini ile Jumamosi asubuhi, sebuleni kwa mwalimu wangu wa piano mtaa wa Kisasa hapa Dodoma, hasira ilichelewa kufika. Kilichotangulia ni mshtuko. Vidole vilisimama vyenyewe, mdomo ukabaki wazi, na mwalimu akaniuliza mara mbili kama nimeng'atwa na kitu.

"Rudia," akasema. "Polepole hivyo hivyo, ulikuwa unaenda vizuri."

Ningerudia nini? Nilikuwa nimetoka kupiga wimbo wa kuzikia wa baba yangu mzazi, wimbo alioutunga yeye, na ulikuwa umechapwa mbele yangu katika kitabu cha Mjerumani aliyekufa kabla babu yangu hajazaliwa.

Ngoja nieleze vizuri, maana hata mimi ilinichukua siku kadhaa kuamini.

Kwetu ni kijiji kilicho nje kidogo ya Mpwapwa. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya ya kanisa, na mpaka anazeeka hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mwalimu tu, hata kwa waliomzidi umri. Wimbo wake tulikuwa tunauimba kaburini. Jeneza likishashushwa, kabla ya udongo, kwaya inajipanga upande wa kichwani, mama mdogo wangu anatoa sauti, na sauti nne zinaingia moja baada ya nyingine, taratibu, bila haraka yoyote. Kuna mahali sauti tatu zinanyamaza na besi inabaki peke yake inashuka. Hapo ndipo watu wanapolia, hata wale waliokuja na macho makavu. Nilimzika bibi kwa wimbo huo, nikamzika na mama yangu. Kwaya za vijiji vya jirani ziliuchukua, na kila ulikokwenda ulikwenda na jina la baba.

Sasa mimi, baada ya ofisi yetu kuhamia Dodoma kutoka Dar es Salaam, nilijikuta na nyumba kimya. Watoto wameshaoa na kuolewa, jioni ndefu, upepo na vumbi. Kanisani nilikuwa napiga kinanda kwa kubahatisha, kodi tatu, yaani mafungu matatu ya nota niliyojifunza mwenyewe, basi. Nikasema hapana, nimevuka hamsini, sitakufa na kodi tatu. Nikaambiwa kuna mama mmoja mstaafu kutoka Moshi, amepiga piano tangu utoto wake, ana piano ya umeme sebuleni na hana masihara. Nikaenda, nikampa shikamoo, akanitazama vidole kabla ya kunitazama usoni.

Baada ya mwaka mmoja wa mazoezi ya kuchosha akaniletea kazi ya kweli. Ni kazi moja ya piano peke yake yenye vipande kumi na viwili vifupi, ya enzi ile wanayoiita ya Kiromantiki, Wazungu walipopenda muziki unaosimulia mambo ya watu. Vyote kwa pamoja vinasimulia harusi ya kijijini kwao, tangu wageni wanapofika mpaka taa zinapozimwa. Kila kipande kina maneno yake ya Kijerumani juu, ambayo mwalimu aliyajua na mimi sikuyajua. Naye alikuwa na sheria yake: hakuambii kipande kinahusu nini mpaka uweze kukipiga polepole bila kosa.

"Ukijua ni cha furaha utakimbia," alikuwa akisema. "Polepole kwanza, habari zake baadaye."

Ndivyo nilivyofika cha saba bila kujua kitu. Nilikipiga nota moja moja, kama mtu anayechagua mchele. Mkono wa kulia nilihisi tu kwamba naujua ujua. Ulipoingia wa kushoto, ile besi ikaanza kushuka peke yake. Weee! Nywele zilinisimama. Haikuwa kufanana. Ilikuwa nota kwa nota, sauti ya nne ya kwaya yetu, ile ile.

"Mama," nikamwambia, na sauti yangu mwenyewe sikuitambua, "hiki kinahusu nini?"

Akatabasamu, akanisogeza na nyonga yake, akaketi. "Sikiliza sasa," akasema, akakipiga kwa mwendo wake.

Jamani! Kilikuwa kishindo. Miguu inapiga sakafu, mkono wa kushoto unayumba, wa kulia unacheka. "Ni walevi," akaniambia huku akipiga. "Harusi imechanganya, walevi wameingia kucheza. Hapa mmoja anakanyaga gauni la bibi harusi. Hapa," na ilikuwa pale pale tunapolia, "wenzake wote wameduwaa, yeye peke yake anaanguka chini." Akacheka kwa raha zake.

"Mungu wangu," nikasema. "Sisi kwetu tunazikia watu hiki."

Kicheko kikakatika. Nikamweleza yote, na yeye akabaki ameweka mikono mapajani. Nilimwomba akipige tena nikirekodi kwenye simu, mara moja kwa mbio na mara moja polepole. Alikubali bila kuniuliza ni ya nini. Nilipokuwa natoka akanishika bega. "Mwulize kwanza, binti. Usihukumu."

Nilishahukumu. Nawaambieni ukweli, kabla sijafika getini nilishahukumu na kufunga jalada.

Na sababu ya moto ule ilikuwa hii. Kwaya ya kijijini ilikuwa inachapisha kitabu cha nyimbo zake. Ukurasa wa kwanza ni wimbo wa baba, chini yake imeandikwa mtunzi, na jina lake kamili. Mimi, binti yake msomi wa Dodoma, ndiye niliyeombwa kuandika maneno ya mwanzo, na nilikuwa nimeshayaandika. Nilisema humo kwamba wimbo huu Mwalimu aliupokea kwa Mungu katika machungu yake mwenyewe. Nilikuwa nimejisikia sana nilipoandika sentensi ile. Baada ya wiki mbili karatasi zilikuwa ziende kwa mchapaji. Kwa hiyo ama nichape uongo kwa mkono wangu, ama nimuumbue baba yangu aliyevuka themanini, moyo wake mbovu, mbele ya watu wasio na heshima nyingine ya kumpa zaidi ya ile.

Kesho yake, baada ya ibada, nilipanda basi la Mpwapwa, nikashuka stendi, nikachukua bodaboda mpaka nyumbani. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta ameketi kivulini nyuma ya nyumba, anapukuchua mahindi kwenye ungo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona bila taarifa? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba," nikasema. "Nataka usikilize kitu." Sikukaa hata. Nikaiwasha simu, ile ya mbio.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Halafu, hee, mguu wake ukaanza kupiga chini taratibu. Mzee alikuwa anafurahia! "Hawa wanacheza," akasema. "Nani anapiga? Wewe?"

"Siyo mimi. Sikiliza na hii." Nikaweka ya polepole.

Mguu ulisimama. Punje za mahindi zilimtoka mkononi moja moja. Nilimwangalia usoni kwa makusudi, maana nilitaka kuona aibu, nilikuwa nimeifuata aibu ile kilomita zote zile. Sikuiona. Nilichokiona ni mtu aliyepigwa na butwaa kuliko mimi. Aliomba nirudie ile ya kwanza. Nikarudia. Akaweka kiganja mdomoni.

"Ndicho kile kile?"

"Ndicho."

"Kinakimbia hivyo?"

"Kinakimbia hivyo. Ni walevi, baba. Walevi wanacheza harusini."

"Haki ya Mungu," akasema, "miaka yote hii sijawahi kukisikia."

Nikadhani ananichezea shere. Ilibidi nikae chini nisikilize, na nilikaa kwa shingo upande.

Alipokuwa mwalimu kijana, muuguzi mmoja wa Kizungu wa misheni alikuwa anarudi kwao, akagawa vyombo vyake. Baba akapata bakuli nne za udongo, zimefungwa kwa karatasi zisivunjike. Karatasi moja ilikuwa ya nota, zile za mistari, siyo do re mi zetu za herufi. Juu palikuwa na maneno ya kigeni, jina la mtunzi halikuwepo. Baba alifundishwa nota za mistari kidogo chuoni, akaiweka, akasema siku moja ataisoma. Halafu kaka yangu akafa. Ndiye aliyekuwa kifungua mimba, mimi nilikuwa sijazaliwa. Alikuwa na miaka minne.

"Siku ile sikuweza kukaa na watu," baba akasema. "Nikaichukua ile karatasi ili mikono iwe na kazi. Nikaigeuza nota moja moja, do, re, mi. Mwendo wake nitaujuaje? Maneno ya juu siyasomi, kinanda hatuna. Nikaupa mwendo niliokuwa nao mimi. Kesho yake tukamzika nao."

"Na jina lako?" nikamwuliza. "Jina lako liliandikwa na nani?"

Hapo ndipo aibu ikaja, lakini kidogo. Akanieleza jambo ambalo nililijua tangu utoto bila kulifikiria. Nyimbo zetu zote zilitembea kwa mkono, daftari hadi daftari, na aliyenakili alitakiwa kutia jina chini ya ukurasa, ili nota ikikosewa ajulikane wa kuulizwa. Baba aliandika jina lake kama mnakili. Kwaya ya pili ikanakili wimbo na jina. Ya tatu, kuona jina peke yake bila maelezo, ikaongeza neno mtunzi. Wimbo uliporudi kijijini kwetu baada ya miaka, ulirudi na mtunzi wake.

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Kwa nini, baba?"

"Kwa sababu nilipenda," akasema, akinitazama moja kwa moja. "Watu walikuwa wananishika mkono makaburini, wananiambia asante Mwalimu. Mimi nina kitu gani kingine, mwanangu? Nilipenda."

Mtu mwenye moyo angeishia hapo. Mimi nikasimama, nikamwambia baba yangu kwamba ametudanganya, kwamba tumemzika mama kwa ngoma ya walevi kwa sababu yeye alipenda sifa. Maneno hayo nayakumbuka yote. Yeye aliokota zile punje zilizomdondoka, akazirudisha kwenye ungo, kisha akasema Jumapili inayofuata atawaambia watu mwenyewe.

Na akawaambia. Baada ya ibada kwaya ilibaki, baba akasimama mbele na fimbo yake, akasimulia kama alivyonisimulia, habari za karatasi na bakuli, na kile kipande cha "nilipenda" hakukiruka. Aliniomba niwasikilizishe ile ya mbio, nikaiweka simu karibu na kipaza sauti. Hakuna aliyecheka, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko.

Mama mdogo, mdogo wake mama, ndiye aliyezungumza. Ndiye aliyekuwa akiutolea sauti wimbo ule tangu hajaolewa. "Kwa hiyo, shemeji," akasema, "muda wote huo tumekuwa tunacheza juu ya makaburi?"

"Ninyi mlikuwa mnalia," baba akajibu. "Ngoma sikuijua mimi, sembuse ninyi."

Waliamua kuupumzisha. Ndivyo walivyosema, tuupumzishe kwanza. Ukatolewa kwenye kitabu, na maneno yangu ya mwanzo yakaandikwa upya bila Mungu wala machungu. Hawakumvunjia baba heshima, shikamoo zake alizipata kama kawaida. Lakini misiba miwili iliyofuata kijijini waliimba nyimbo za kitabuni, zile za kanisa zima, na nilisikia kwamba baba alikwenda yote miwili akasimama nyuma, mbali na kwaya. Mimi huku Dodoma nilijiambia ukweli ni ukweli. Nikaendelea na masomo. Kipande cha saba kilianza kunikubali kwa mwendo wake, na nakiri kwamba vidole vilikifurahia.

Baba alifariki mwezi wa nane, upepo ukiwa umepamba moto. Alilala mchana, wakamwamsha kwa chai, hakuamka.

Ofisini kwetu walikuja wengi, gari zima, na mwalimu wangu wa piano alikuja nao, na magoti yake yanayomsumbua. Nilimwona akiwa amekaa na wakubwa zangu, kitenge cheusi, mkoba mapajani. Nilishukuru, na wakati huo huo nikatamani asingekuja, kwa sababu katika wageni wote wale ni yeye mmoja tu aliyekijua kile kipande.

Jeneza liliposhushwa, mama mdogo alikuja mpaka niliposimama. Kwaya ilikuwa imeshajipanga upande wa kichwani. Akaninong'oneza, "Mwanangu, tuuimbe ule wake? Wote wamekubali. Kwa Mwalimu wataimba. Lakini wewe ndiye mwenye neno."

Nilitazama upande wa wageni. Nikamwona mwalimu amenyoosha shingo, anaangalia kwaya. Nikajua akili yake itakimbilia wapi nota ya kwanza ikitoka: bibi harusi, gauni, mlevi chini. Nikaona aibu. Siyo kwa ajili ya baba, nisijisingizie. Niliona aibu kwa ajili yangu, kwamba mama wa watu ataniona mimi na kwetu tulivyo.

"Hapana," nikasema. "Imbeni wa kitabuni."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mama."

Kisha akarudi kwenye mstari, akawaambia kitu, na nikaona wawili watatu wakigeuka kuniangalia. Wakaimba wa kitabuni. Waliuimba vizuri, beti zote. Nilitaka kulia, ikashindikana, na watu walikuwa wakisema jinsi nilivyo jasiri. Udongo ukaingia.

Baadaye, wakati wa chakula, mwalimu alinifuata chini ya turubai na sahani yake ya ugali na nyama, akakaa kando yangu. Akanipa pole, nami nikaipokea. Akamega tonge, akalirudisha kwenye sahani.

"Mbona hawakuuimba?"

"Upi, mama?" Nilijua upi.

"Wa mzee. Nimesimama juani nausubiri huo. Unadhani nimekuja na magoti haya kufanya nini?" Alikuwa amekasirika, kabisa. "Kile kipande nakipiga tangu niko msichana, mbio mbio, kama nilivyofundishwa. Siku ile ulipokipiga polepole pale kwangu, ukaniambia ni wa kuzikia, nilikesha. Nilijisemea nimekuwa napiga nusu yake tu. Nilitaka niusikie mara moja, na sauti za watu, na mzee mwenyewe akiwepo."

Mama mdogo alikuwa anapita na sinia la vikombe. Akasimama mbele yetu. Mwalimu akauliza lililobaki.

"Nani aliwakataza?"

"Mimi," nikasema.